Sanduku la Kufuli Tatu



Katika milima yetu ya Lemera, kama katika vijiji vingi vya Kivu, watu wamezoea kuunda vikundi vya akiba. Kila juma wanakutana. Kila mmoja analeta kidogo alichopata kwa kuuza mihogo, maharage au kuku, na pesa zinawekwa katika sanduku la chuma. Sanduku hilo lina kufuli tatu. Funguo zake zinashikwa na watu watatu wasiokaa nyumba moja, na sanduku lenyewe linakaa kwa mtu wa nne. Hakuna awezaye kulifungua peke yake. Hata awe mwaminifu kama malaika, hawezi.

Siku moja, katika kikundi ambacho sisi wenyewe tulikuwa wanachama, mwenyekiti alisimama akasema: «Ndugu zangu, mnaona taabu tunayoipata. Mama anayeshika ufunguo wa tatu hushinda shambani, kule bondeni, siku nyingi. Mtoto wa mtu akiugua usiku, tunamtafuta huyu, tunamtafuta yule, na ugonjwa haungoji. Tupunguze taabu. Ufunguo mmoja utoshe.»

Ulikuwa wakati wa kulima. Nusu ya watu hawakuwapo, na waliokuwapo walikuwa wamechoka. Tena aliyoyasema mwenyekiti yalikuwa kweli: ugonjwa haungoji. Basi tukainua mikono. Sisi nasi tuliinua. Katibu akaandika katika daftari, kwa mwandiko mzuri, kwamba kanuni imegeuzwa kwa kura za wote waliohudhuria.

Miezi saba ikapita. Siku ya kugawana ilipofika, fedha hazikutimia. Mwenyekiti alisema amewakopesha watu wenye shida, lakini hakuwa na shahidi, maana kila mara alipofungua sanduku alikuwa peke yake. Hata leo hatujui kama alikuwa mwizi, au alikuwa mtu mwema aliyekosa hesabu. Na huo ni ubaya mmoja wa ufunguo mmoja: kwamba unaliharibu hata jina la asiye na hatia.

Tangu siku ile tumejiuliza swali moja, nalo ndilo tunalotaka kulichungua pamoja nanyi. Kosa lilitendeka siku gani? Siku fedha zilipopotea, au siku tulipoinua mikono? Watu wengi watajibu: siku zilipopotea. Siku ya mikono kila kitu kilikwenda sawa. Mkutano uliitwa, watu walipiga kura, daftari liliandikwa. Nani alivunja kanuni? Hakuna. Lakini je, yawezekana watu wote wafuate kanuni, na haki ivunjwe hata hivyo?

Kufuli za nchi

Swali hili ni dogo katika kikundi cha watu ishirini na watano. Katika nchi si dogo. Maana nchi nayo ni kama sanduku, na ndani yake mna kodi za watu, na askari, na magereza, na ardhi, na madini. Atakayelifungua peke yake ameshika maisha ya watu wote.

Kwa sababu hiyo wenye hekima walisema tangu zamani kwamba mamlaka ya nchi yasikae katika mkono mmoja. Mfaransa Montesquieu, katika kitabu chake cha mwaka 1748, alieleza ya kuwa mwenye kutunga sheria, na mwenye kuitekeleza, na mwenye kuhukumu kwa sheria hiyo, wasiwe mtu mmoja, kwa sababu mwenye uwezo huutumia mpaka akutane na kizuizi. Wala msidhani kwamba haya ni mawazo ya wanasiasa tu. Papa Yohane XXIII, katika barua yake Pacem in Terris ya Aprili 1963, aliufikiri mgawanyo huo wa kazi tatu kuwa unapatana na maumbile ya mwanadamu, tena kuwa ni ulinzi kwa raia. Papa Yohane Paulo II alilirudia jambo hilo mwaka 1991 katika Centesimus Annus: yafaa kila mamlaka ipimwe na mamlaka nyingine, ili sheria itawale, wala si matakwa ya mtu.

Katiba ya nchi yetu ya Kongo imejengwa hivyo. Watu waliipigia kura tarehe 18 na 19 Desemba 2005, nayo ikatangazwa tarehe 18 Februari 2006. Imeweka Rais, na Serikali yenye Waziri wa Kwanza. Imeweka Bunge lenye mabaraza mawili, yaani Baraza la Taifa na Seneti. Na imeweka mahakama. Baraza la Taifa laweza kuiangusha Serikali kwa kura. Rais aweza kulivunja Baraza la Taifa kama ugomvi wake na Serikali haukomi. Mahakama ya Katiba yaweza kusema kwamba sheria fulani inapingana na Katiba. Rais hawezi kutangaza vita bila idhini ya mabaraza yote mawili. Kila mmoja ana ufunguo wake, na kila mmoja anamhitaji mwenziwe.

Mtu atasema: «Mpango huo ni wa taabu, unachelewesha kazi.» Naam, ni wa taabu. Hata kufuli tatu ni za taabu. Ziliwekwa kusudi ziwe za taabu.

Jina la kijiji chetu

Sisi watu wa Lemera hatuna ruhusa kuyasikia mambo haya kama hadithi za mbali, kwa sababu jina la kijiji chetu limo ndani ya historia yake. Tarehe 6 Oktoba 1996 wagonjwa na wauguzi waliuawa katika hospitali ya Lemera. Siku chache baadaye, tarehe 18 Oktoba, ulitokea mkataba unaoitwa hata leo Mkataba wa Lemera. Kwa mkataba huo vyama vinne viliungana kuwa AFDL, na Laurent-Désiré Kabila akawa msemaji wake. Mwezi wa Mei 1997 majeshi yake yalifika Kinshasa.

Waliondoka wakisema wanaleta ukombozi. Wengi waliwaamini, maana walichoka. Walikumbuka jinsi sanduku lilivyofunguliwa kwa nguvu tangu mwanzo. Tarehe 5 Septemba 1960 Rais Kasa-Vubu alitangaza kumfukuza Waziri wa Kwanza Lumumba, na Lumumba akatangaza kumfukuza Kasa-Vubu. Wabunge hawakukubali Lumumba afukuzwe. Na tarehe 14 ya mwezi ule ule Kanali Mobutu akasema wote wawili wakae kando. Tarehe 24 Novemba 1965 huyo Mobutu akautwaa Urais. Mwaka 1967 aliunda chama cha MPR, na mwaka 1974 Katiba ikageuzwa, chama hicho kikawa juu ya vyombo vyote vya nchi: Bunge chini yake, mahakama chini yake. Ufunguo ulikuwa mmoja, na mshikaji mmoja.

Basi hao waliokuja kwa jina la Lemera walifanya nini? Tarehe 27 Mei 1997 ilitoka amri ya kikatiba. Kwa amri hiyo Rais alitunga sheria, Rais akatawala, Rais akaliongoza jeshi, Bunge halikuwapo. Mwezi wa Novemba 1998 mahakimu 315 walifukuzwa kazini kwa amri. Walisema: ni kwa muda tu, nchi iko katika shida, na kweli vita vilikuwapo. Lakini tazameni: mtu aliyempinga mshikaji wa ufunguo mmoja hakurudisha kufuli zile mbili. Aliuchukua ufunguo. Waswahili husema: mkuki kwa nguruwe, kwa binadamu mchungu. Mamlaka yasiyo na mpaka ni mabaya yakiwa kwa adui. Yakiwa kwetu twayaita nguvu ya kufanya kazi.

Kanuni iliyogeuzwa kwa njia iliyo halali

Walakini hayo yalifanywa kwa bunduki au kwa amri ya mtu mmoja, na kila mtu ayaona ubaya wake. Swali letu ni gumu zaidi: kanuni ikigeuzwa kwa kura, katika mkutano halali, je?

Mfano tunao. Mwaka 2006 Katiba ilisema kwamba anayetaka kuwa Rais apate zaidi ya nusu ya kura. Asipopata, wawili wa kwanza warudi kwa wapiga kura mara ya pili. Ndivyo ilivyokuwa mwaka ule. Mwezi wa Julai Joseph Kabila alipata karibu asilimia 45, na Jean-Pierre Bemba asilimia 20. Walirudi mwezi wa Oktoba, na Kabila akapata asilimia 58.

Mwezi wa Januari 2011 mabaraza mawili yalikutana pamoja, yakageuza vifungu vinane vya Katiba, na sheria ikatiwa sahihi tarehe 20 ya mwezi ule ule. Duru ya pili ikafutwa. Rais akapewa uwezo wa kulivunja baraza la jimbo, na kumwondoa gavana, ikiwa ugomvi mkubwa umeshika katika jimbo. Na waendesha mashitaka, waliokuwa wametajwa pamoja na mahakama katika kifungu cha mamlaka ya kuhukumu, wakatolewa katika kifungu hicho. Mwezi wa Novemba mwaka huo huo watu walipiga kura, na Joseph Kabila akatangazwa mshindi kwa asilimia 48.95. Kwa kanuni ya zamani hesabu hiyo isingetosha.

Tuseme kweli kwa pande zote mbili. Je, utaratibu ulivunjwa? Katiba yenyewe yaruhusu Bunge kuibadili, likiwa na kura tatu katika kila tano. Je, sababu zilitolewa? Ndiyo: duru mbili zinakula fedha nyingi, na nchi ni maskini, tena mwezi wa Agosti 2006, kati ya duru ya kwanza na ya pili, risasi zililia Kinshasa. Je, duru moja ni dhambi? Hasha. Jirani zetu wa Tanzania, ng'ambo ya ziwa, humchagua Rais wao kwa duru moja.

Basi kuna ubaya gani? Sisi twaona ubaya haumo katika kanuni mpya yenyewe. Umo katika mambo mawili: saa yake, na mkono wake. Saa yake, kwa kuwa uchaguzi ulikuwa umebaki miezi kumi. Mkono wake, kwa kuwa walioigeuza ndio waliokuwa wanakwenda kushindana kwa kanuni hiyo. Mwamba ngoma, ngozi huvutia kwake. Vijana wetu wakicheza mpira, nao wakapatana kabla ya mchezo kwamba goli liwe pana zaidi, hakuna mwenye kulalamika. Lakini timu yenye mpira ikilipanua goli la wenzao katikati ya mchezo, hata kama wachezaji wengi wamekubali, watoto wadogo walioketi pembeni wataona kwamba haki imeharibika. Nani aliwafundisha? Dhamiri.

Amana si mali

Tujaribu kueleza kile ambacho dhamiri inakijua. Uwezo wa kubadili sheria si mali ya mbunge. Ni amana. Watu wamemkabidhi, kama vile mtu anayesafiri anavyomkabidhi jirani mbuzi wake. Jirani aweza kumhamisha mbuzi toka zizi moja mpaka jingine, maana utunzaji umo mkononi mwake. Lakini akimhamishia katika zizi lake na kumtia alama yake, asituambie: «Nilikuwa na ruhusa ya kumhamisha.» Tendo ni lile lile la kuhamisha, shabaha yake ndiyo inayolifanya kuwa utunzaji au wizi.

Kwa sababu hiyo kura ya wengi ni lazima, lakini haitoshi. Kura yatuambia nani alikubali. Haituambii kama aliyekubali alikuwa anatunza amana au anajigawia. Tangu zamani wanasheria wameshika neno hili, kwamba mtu asiwe mwamuzi katika shauri lake mwenyewe. Sasa, mwenye cheo anayebadili kanuni za kupata cheo chake, je, si mshitakiwa, na shahidi, na mwamuzi kwa mara moja?

Mwaka 1789 viongozi wa Marekani waliliona jambo hilo. Walipendekeza kanuni kwamba wabunge wakigeuza mshahara wao wenyewe, mabadiliko yasianze mpaka uchaguzi mwingine upite. Pendekezo hilo lililala zaidi ya miaka mia mbili; likaingia katika Katiba yao mwaka 1992. Hekima yake ni nyepesi: tunga kanuni ukiwa hujui kama wewe ndiwe utakayeila. Hapo ndipo utaitunga kwa haki.

Je, sheria isiguswe kamwe?

Mtu asituelewe vibaya. Hatusemi kwamba kila mabadiliko ni maovu. Katika kitabu cha Danieli twasoma habari za Mfalme Dario. Wakubwa wake walimsifu, wakamletea sheria ya siku thelathini yenye kumkuza, naye akatia sahihi upesi. Kisha Danieli akakamatwa kwa sheria ile ile. Mfalme alihangaika siku nzima hata jua kuchwa, akitafuta njia ya kumwokoa, akashindwa, kwa sababu sheria ya nchi ile haikuweza kugeuzwa. Mna mafundisho mawili hapo: sheria iliyotungwa kumfurahisha mkubwa ni mtego, na sheria isiyoweza kusahihishwa ni mtego pia.

Mtakatifu Tomaso wa Akwino alilipima jambo hili kwa makini. Alifundisha kwamba sheria ya wanadamu yaweza kubadilishwa, lakini kule kubadilisha kwenyewe ni hasara, kwa kuwa watu hushika sheria zaidi kwa mazoea, na mazoea yakikatika sheria hupoteza nguvu yake. Basi isibadilishwe, isipokuwa faida kwa watu wote inaizidi hasara hiyo. Angalieni: faida kwa watu wote, si kwa aliyeshika kalamu.

Katiba yetu nayo imelishika neno hilo. Kifungu cha 220 kimetaja mambo yasiyoweza kubadilishwa: kura ya watu wote, hesabu na urefu wa vipindi vya Rais, uhuru wa mahakama, wingi wa vyama, na mengine, tena kimekataza kupunguza haki za watu na uwezo wa majimbo. Kifungu cha 219 kimekataza kubadili Katiba wakati wa vita, au wakati wa hali ya hatari, au mabaraza yanapozuiwa kukutana kwa uhuru. Kwa nini? Kwa sababu mtu mwenye hofu hutia sahihi lolote. Yeyote aliyekimbia na watoto usiku, kama wengi wetu tulivyokimbia, ajua kwamba saa ile ungemwachia mtu ye yote nyumba yako, mradi akupishe njiani.

Sababu njema yaweza kubebeshwa mzigo mbaya

Mwezi wa Januari 2015 Baraza la Taifa lilipitisha sheria ya uchaguzi, na ndani yake mlikuwa na maneno yaliyofunga uchaguzi na kuhesabiwa kwa watu. Kuhesabu watu ni jambo jema, tena linahitajika, maana nchi yetu haikuwa imehesabiwa tangu mwaka 1984. Lakini watu walipiga hesabu nyingine: kuhesabu nchi kubwa hivi kutachukua miaka, na kipindi cha pili cha Rais, ambacho ndicho cha mwisho, kilikuwa kinakwisha mwaka 2016. Tangu tarehe 19 Januari watu waliingia barabarani Kinshasa na penginepo, na wako waliouawa. Ndipo Seneti ikayabadili maneno yale, na sheria ikapita pasipo kuuchelewesha uchaguzi kwa kungoja hesabu.

Twajifunza nini? Kwanza, kwamba kufuli ya pili ina kazi. Laiti kungekuwa na baraza moja tu, maneno yangepita. Pili, kwamba kufuli ya pili ilifungwa kwa damu ya watu ambao hawakupaswa kufa ili wabunge wafanye kazi wanayolipwa. Katika nchi yenye afya mwenye ufunguo husema «hapana» akiwa ameketi kitini, wala hangoji vijana walale chini barabarani.

Ni vigumu kusema «hapana» ukiwa kitini. Mwezi wa Januari 2009 Vital Kamerhe, aliyechaguliwa hapa kwetu Kivu ya Kusini naye akiongoza Baraza la Taifa, alisema hadharani kwamba askari wa Rwanda wameingia Kivu na Bunge halikuarifiwa. Mwezi wa Machi alijiuzulu kwa kulazimishwa na watu wa upande wake mwenyewe. Hatumfanyi mtu huyu kuwa mtakatifu; twasema tu kwamba kifungu hakikuguswa hata kidogo, ila mshikaji wa ufunguo aliondolewa. Na mwezi wa Desemba 2020 viongozi wa Baraza la Taifa waliangushwa, na wabunge wengi wakahamia upande wa Rais Félix Tshisekedi, ingawa hakuna uchaguzi mpya uliofanyika. Walifuata kanuni. Lakini mpiga kura wa Sange au Luvungi, aliyempa mtu kura yake mwaka 2018 kwa sababu ya upande wake, aliulizwa na nani? Kufuli ni chuma, ufunguo ni chuma. Lakini mkono ni wa mtu, na mtu ana tumbo.

Neno la wale wanaosema: «Tuko vitani»

Wako ndugu wanaotujibu hivi: «Haya yote ni ya nchi zenye amani. Sisi tuko katika shida. Tunataka mkono mmoja wenye nguvu.» Neno hilo lina uzito, na hatulicheki. Katiba yenyewe yalikubali, maana imempa Rais uwezo wa kutangaza hali ya hatari. Mwezi wa Mei 2021 ilitangazwa hivyo katika Ituri na Kivu ya Kaskazini, magavana wa kiraia wakaondoka, askari wakashika nafasi zao, na mahakama za kijeshi zikapewa mashauri mengi ya raia. Lakini Katiba ilitaka pia kwamba baada ya siku thelathini za kwanza mabaraza yaulizwe kila siku kumi na tano. Basi yaliulizwa, yakakubali. Yakaulizwa tena, yakakubali tena. Mwaka baada ya mwaka. Na mwezi wa Januari 2025 Goma, mji mkuu wa Kivu ya Kaskazini, ukaanguka mikononi mwa M23.

Hatusemi Goma ulianguka kwa sababu hiyo. Sababu ni nyingi, nyingine zimetoka nje ya mipaka yetu. Twasema tu: kufuli ziliondolewa ili nguvu ipatikane, na nguvu haikupatikana. Mkono usiopimwa hauwi lazima mkono hodari. Na tendo la kuuliza likifanywa mara nyingi mno bila kutazamia jibu lingine ila «ndiyo», huacha kuwa swali.

Maswali matatu ya mkristu

Mwezi wa Oktoba 2024, Kisangani, Rais Tshisekedi alisema ataweka tume ya kuitazama Katiba upya. Maaskofu wetu walieleza wasiwasi wao, wengine wakaunga mkono, na ubishi ukawa mkubwa katika nchi nzima. Hatukuandika haya ili tumwambie msomaji apige kura gani. Kila Rais na kila Bunge, wa leo na wa kesho, watakuja na mapendekezo, na mengine yatakuwa mema. Tunataka msomaji awe na kipimo chake, asiinue mkono kwa uchovu kama tulivyoinua sisi.

Swali la kwanza: Nani atakula matunda ya kanuni hii, na je, ndiye anayeileta? Kama anayeileta ndiye atakayeila, mwambie aitunge, lakini ianze baada ya yeye kuondoka. Akikataa, amejibu mwenyewe.

Swali la pili: Imeletwa saa gani? Kama imeletwa wakati watu wamekimbia vita, au wako mashambani, au wana njaa, waambie wangoje. Jambo lililo jema leo litakuwa jema hata baada ya mavuno.

Swali la tatu: Kesho tukiona tumekosea, nani atakuwa na nguvu ya kuturudisha? Hili ndilo kubwa kuliko yote. Kanuni inayoweza kusahihishwa, hata ikiwa mbovu, ni ugonjwa wenye dawa. Kanuni inayomwondoa yule ambaye angeisahihisha ni kumfukuza mganga.

Sasa turudi kwenye swali letu la kwanza. Kosa lilitendeka siku gani? Twajibu: kama mwenyekiti aliiba, alikosa siku alipoiba, naye atajibu mbele ya Mungu. Lakini sisi tulikosa siku ya mikono. Hatukuiba hata faranga moja. Tulichofanya ni kuuondoa ulinzi ambao haukuwa wetu peke yetu. Ulikuwa pia wa yule mama aliyekuwa shambani bondeni, na wa wajane wawili ambao hawakuhudhuria siku ile. Tulipunguza usalama wao ili tuende nyumbani mapema.

Kikundi kile kiliendelea. Watu walichanga, wakanunua kufuli mbili mpya sokoni. Kisha wakaandika kanuni moja katika ukurasa wa kwanza wa daftari: jambo la funguo halitabadilishwa ila katika mikutano miwili, mmoja wakati wa kulima na mmoja baada ya mavuno, tena halitaanza mpaka viongozi wapya wachaguliwe. Aliyeomba iandikwe hivyo ni yule mama wa ufunguo wa tatu. Tulipomwuliza mahali alipojifunza hekima hiyo, alitutazama kwa mshangao, akasema: «Ninyi mlipoinua mikono, mimi nilikuwa nalima. Nataka safari hii mningoje.»